Barua ya Wazi kwa Wamiliki wa Studio za Gemu za Mtandaoni

KWA: Wakurugenzi watendaji, wenyeviti na wajumbe wa bodi za kampuni zinazomiliki studio za gemu za mtandaoni

YAH: KUPUNGUZWA KWA WATENGENEZAJI, KUUNGANISHWA KWA STUDIO NA KUZIMWA KWA SEVA

Waheshimiwa,

Kwa miaka 9 nilifanya kazi ya kuendesha seva za gemu moja ya wachezaji wengi, yaani kompyuta zinazowaunganisha wachezaji kupitia mtandao. Hamnifahamu, na hapakuwa na sababu ya kunifahamu. Mchezaji akibonyeza kitufe cha kuingia, mlango ufunguke. Akishaingia, akute vitu vyake pale alipoviacha jana usiku. Hiyo ndiyo kazi, na ikifanywa vizuri hakuna anayejua kwamba imefanywa. Katika miaka hiyo studio yetu iliuzwa mara mbili. Baada ya mauzo ya pili tuliunganishwa na studio nyingine ya mmiliki yuleyule, na katika timu yetu ya watu 40 wakabaki 5. Mimi sikuwa miongoni mwao.

Kabla ya kuandika hadharani niliandika kwa faragha mara tatu. Barua ya kwanza ilikwenda kwa mkuu wa studio nikiwa bado kazini, nikitaja kazi ambazo zingekosa mtu baada ya upunguzaji. Ya pili ilikwenda idara ya rasilimali watu ya kampuni mama. Ya tatu niliiandikia bodi. Ya kwanza ilijibiwa kwa mstari mmoja wa shukrani. Mbili zilizofuata hazikujibiwa hadi leo. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa sababu yaliyotupata sisi yamewapata maelfu, na ningependa kila mmoja wenu aisome barua hii kama imeandikwa kwake.

Makadirio ya wanaofuatilia suala hili yanaonyesha kwamba zaidi ya watu 10,000 walipoteza kazi katika sekta ya gemu mwaka 2023, na zaidi ya 14,000 mwaka 2024. Wapo wa kila aina ya gemu humo. Mimi nitasimama kwenye za mtandaoni, kwa sababu ndizo ninazozijua na kwa sababu zina jambo moja la kipekee. Gemu ya mtu mmoja ikishauzwa iko mikononi mwa aliyeinunua. Studio ikifa, gemu inabaki. Ya mtandaoni mnunuzi anapewa nusu tu. Nusu ya pili iko kwenye seva zenu, na inaishi kwa sababu kuna mtu anayeiangalia kila siku. Mkimwondoa mtu huyo, mmegusa kitu ambacho mchezaji alikwisha kulipia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ahadi za siku ya mauzo hazidumu.

Januari 2022 Microsoft ilitangaza kwamba itainunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Mauzo yalikamilika tarehe 13 Oktoba 2023. Tarehe 25 Januari 2024 ikatangazwa kwamba watu 1,900 wa kitengo cha gemu wanaondolewa. Hesabuni wenyewe: ni siku 104. Mamlaka ya ushindani ya Marekani iliiandikia mahakama ya rufaa kwamba hatua hiyo haiendani na maelezo kwamba kampuni hizo zingeendelea kuendeshwa kila moja kivyake. Microsoft ikajibu kwamba Activision ilikuwa tayari na mpango wa kupunguza watu hata kabla ya kununuliwa. Tuseme ni kweli. Basi mpango ulijulikana mapema, na waliokuwa hawajui ni wale tu ambao ajira zao zilikuwa ndani yake.

Sony ilitangaza mwaka 2022 kuinunua Bungie kwa dola bilioni 3.6, na ikaeleza kwamba karibu theluthi moja ya fedha hizo ilikusudiwa kuwabakiza wafanyakazi. Maana yake Sony ilielewa vizuri kwamba thamani ya Bungie ni watu wake. Oktoba 2023 wakaondolewa takribani 100. Tarehe 31 Julai 2024 wakaondolewa 220 wengine, asilimia 17 ya studio. Nimejaribu kuelewa hesabu hiyo na nimeshindwa: unalipa zaidi ya dola bilioni moja ili watu wasiondoke, kisha unawaondoa mwenyewe.

Embracer ilinunua studio mfululizo kwa miaka kadhaa, na mwaka 2023 mkataba mmoja wa dola bilioni 2 waliokuwa wakiutegemea ukavunjika. Agosti mwaka huohuo Volition, studio iliyoanzishwa mwaka 1993, ikafungwa. Watu waliokaa meza ya mkataba ule hawakuwa wale waliokuwa wakitengeneza gemu Volition.

Na sisi tulikusanywa, siku ya mauzo ya kwanza, tukaambiwa hakuna kitakachobadilika. Tulipiga makofi. Baada ya miezi 14 timu ya majaribio haikuwepo tena.

2. Mnaowaondoa kwanza ndio wanaoijua gemu.

Hapa naomba mnivumilie niseme kwa kirefu, kwa sababu naamini ndipo ujinga wa mambo unapozaliwa, na nasema ujinga kwa maana yake ya asili, yaani kutojua.

Gemu ya mtandaoni iliyofikisha miaka 10 ni kama nyumba iliyoongezwa vyumba na mafundi 50 ambao wengi wao hawakuwahi kuonana. Ramani ipo, lakini si ya nyumba iliyosimama leo. Kuna swichi isiyoguswa wakati taa fulani inawaka. Kuna bomba lililofungwa kwa kamba, na kamba hiyo imeshikilia ghorofa nzima. Maarifa ya namna hiyo hayapo kwenye nyaraka mnazokabidhiwa siku ya mauzo. Yapo kichwani mwa watu wa majaribio, wa huduma kwa wateja, wa zamu za usiku. Watu ambao kwenye jedwali la gharama huonekana wa bei nafuu na wa kubadilishwa kwa urahisi.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja katika timu ya majaribio. Yeye alikuwa amegundua kwamba seva ikiwashwa upya wakati watu wanauziana vitu kwenye soko la ndani ya gemu, baadhi ya vitu hupotea na vingine hujizidisha. Hitilafu hiyo ilikuwa ndani sana. Kuiondoa kungehitaji miezi. Kwa hiyo aliweka utaratibu: soko lifungwe dakika 10 kabla ya seva kuzimwa, na lisifunguliwe hadi hesabu mbili za vitu zikubaliane. Utaratibu ule ulikuwa umeandikwa kwa mkono kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta yake. Alipoondolewa, kompyuta ilikusanywa pamoja na nyingine, na karatasi ikaenda na uchafu.

Wiki tatu baadaye lilitoka sasisho. Soko halikufungwa. Maelfu ya vitu vikayeyuka, vingine vikawa mara mbili, bei zikaporomoka, na hatimaye tukalazimika kurudisha nakala ya akiba ya siku mbili nyuma. Siku mbili za kila mchezaji zikafutwa. Kuna waliokuwa wamekesha siku hizo mbili kumaliza kazi waliyoianza miezi iliyopita. Walitukana, na waliotukanwa ni wale wachache waliobaki, ambao hawakuhusika kwa lolote.

Wachezaji wakapungua. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi ya mahali pengine popote katika barua hii: kupungua huko kuliwekwa kwenye slaidi na kuonyeshwa kwetu kama sababu ya upunguzaji wa pili. Jeraha mlilolifanya wenyewe likawa ushahidi wa kukata tena. Katika barua yangu ya tatu kwa bodi niliambatanisha tarehe zote, moja baada ya nyingine, kutoka siku ya karatasi ile hadi siku ya slaidi ile.

Wala mafanikio hayamkingi mtu. Gemu ya Marvel Rivals ilitoka Desemba 2024 ikapata wachezaji milioni 10 ndani ya siku 3. Februari 2025 timu yake ya usanifu iliyokuwa Seattle ikaachishwa kazi. Kama gemu iliyoanza hivyo haikuwatosha kuwalinda walioitengeneza, semeni basi ni mafanikio gani yanayotosha, ili watu wajue wanachokimbilia.

3. Mnaoamua kubahatisha si nyinyi mnaolipa.

Kwa miaka kadhaa kila kampuni kubwa ilitaka gemu yake ya kudumu, ile ambayo mchezaji haimalizi na pochi yake haifungwi. Sony peke yake ilipanga kuwa na gemu 12 za aina hiyo, kisha Novemba 2023 ikapunguza lengo hadi 6. Mchezaji ana saa 24 kama binadamu yeyote. Anayezama katika gemu moja ya aina hiyo hana nafasi ya kuzama katika tano nyingine. Jambo hili wahudumu wa wachezaji walilisema mapema kabisa, kwa sababu wao ndio wanaozungumza nao.

Concord, mojawapo ya gemu hizo za Sony, ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40, katika uwanja ambao washindani wake wakubwa hawatozi kiingilio. Tarehe 6 Septemba ilizimwa. Siku 14. Wachezaji walirudishiwa fedha zao, na kwa hilo nashukuru kwa dhati, maana si wote wanaofanya hivyo. Lakini Oktoba studio ya Firewalk iliyoitengeneza ikafungwa, na miaka ya kazi ya watu wale ikawa haina hata mahali pa kuonyeshwa. Mchoraji aliyeomba kazi kwingine alikwenda kuonyesha nini? Gemu ya XDefiant ya kampuni ya Ubisoft ilitoka Mei 2024. Desemba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba inakufa, na studio za San Francisco na Osaka zikafungwa pamoja nayo.

Februari 2019 Activision Blizzard ilitangaza kwamba mwaka uliopita ulikuwa na matokeo ya juu kuliko yote katika historia yake. Siku hiyohiyo ikatangaza kuondoa takribani asilimia 8 ya wafanyakazi, karibu watu 800. Mwaka ukiwa mbaya watu wanaondolewa, na mwaka ukiwa mzuri kuliko yote wanaondolewa pia.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwenu mchuma janga hali kabisa. Wanaachiwa wa kwao peke yao.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Nintendo ilipoyumba na mashine yake ya gemu ya Wii U, rais wake Satoru Iwata alikataa kupunguza watu, akieleza wanahisa kwamba wafanyakazi wenye hofu ya kupoteza kazi hawawezi kutengeneza kitu kitakachowagusa watu. Mwanzoni mwa 2014 alikata nusu ya mshahara wake kwa miezi 5, na viongozi wenzake wakakatwa pia. Najua kampuni yake ilikuwa na akiba kubwa benki. Lakini baadhi yenu mna akiba kubwa pia, na sijasikia nusu ya mshahara wa yeyote ikikatwa.

Na Septemba 2025 ilitangazwa kwamba kampuni ya Electronic Arts inanunuliwa kwa dola bilioni 55, na bilioni 20 kati ya hizo ni mkopo. Katika mauzo ya namna hii deni huwekwa mgongoni mwa kampuni inayonunuliwa. Nawauliza wanunuzi hao moja kwa moja: riba ya bilioni 20 italipwa kutoka wapi? Kama jibu ni studio na seva zake, watu wanaozitegemea wana haki ya kuambiwa leo.

4. Seva zinazimwa na watu wanafungiwa nje ya kitu walichonunua.

Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu iliyouzwa tangu 2014. Hata aliyetaka kuendesha gari peke yake barabarani hakuweza tena, kwa sababu gemu ilikuwa haiwaki bila kuulizia seva. Hasira ya tukio hilo ilizaa kampeni iliyokusanya saini zaidi ya milioni 1 katika Umoja wa Ulaya kufikia Julai 2025. Ubisoft yenyewe baadaye iliwekea The Crew 2 namna ya kuchezwa bila seva. Kilichosemwa hakiwezekani kikawezekana watu walipopaza sauti. California nako, tangu Januari 2025, sheria inataka duka la kidijitali limweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni tu. Ni hatua, ingawa kumwambia mtu kwamba mlango utafungwa si sawa na kumpa ufunguo.

Gemu yetu ilipewa siku 60. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, nikaingia kama mchezaji wa kawaida kuangalia mwisho wake. Kulikuwa na kikundi cha watu wapatao 30 kilichokutana ndani ya gemu kila Alhamisi kwa miaka 8. Wengi wao walijuana kwa majina ya wahusika wao tu. Katika siku hizo 60 waliandika mara kwa mara huduma kwa wateja wakiomba kitu kimoja: orodha yao ya marafiki, pamoja na njia ya kumtumia kila aliye kwenye orodha ujumbe mmoja wa barua pepe ambao angeweza kuukubali au kuukataa, kwa sababu baadhi ya wenzao hawakuwa wameingia kwa miezi na wasingejua kwamba mahali pa kukutania panabomolewa. Naifahamu hifadhidata ile. Kazi hiyo ingemchukua mtu mmoja siku mbili, tena bila kumfichulia mtu anwani ya mwenzake. Walichopata ni majibu ya mashine, kwa sababu huduma kwa wateja haikuwa na mtu. Usiku wa mwisho walijipanga bandarini ndani ya gemu, wakawa wanaandika majina ya wasiokuwepo, mmoja baada ya mwingine, hadi muunganisho ulipokatika.

Waheshimiwa, watu wale hawakupoteza burudani tu. Walipoteza namna ya kupatana.

Kuna mifano ya kuigwa, na ni ya zamani. City of Heroes ilizimwa na NCSoft tarehe 30 Novemba 2012, baada ya studio yake kufungwa. Wachezaji waliibeba wenyewe kwa miaka, na Januari 2024 NCSoft ikawapa leseni rasmi wale wa Homecoming, kikundi kimoja cha wachezaji hao, waiendeshe. Sijasikia kwamba NCSoft ilianguka kwa kufanya hivyo. Ultima Online ya 1997 ingali inachezwa, ingawa studio ya Origin iliyoizaa ilifungwa mwaka 2004, kwa sababu ilikabidhiwa watu walioitaka.

5. Namna mnavyoagana na watu.

Nitasema kifupi. Mimi niliitwa kwenye mkutano wa dakika 15 nikiwa katikati ya kurejesha nakala ya akiba, kazi isiyopaswa kukatishwa. Mkutano ulipoisha nenosiri langu lilikuwa halifanyi kazi tena. Sikupata hata nafasi ya kumwambia mwenzangu nimefikia hatua ya ngapi. Na sasisho kubwa lilipotoka miezi miwili baadaye, likiwa limebeba kazi ya watu wengi walioondolewa, majina yao hayakuwemo kwenye orodha ya watengenezaji.

Najua mtakayojibu, kwa sababu nimeyasikia ukumbini na nimeyasoma katika matangazo yenu.

Mtasema mliajiri kupita kiasi wakati wa janga la korona, watu walipokuwa ndani na gemu zikiuzwa kuliko wakati wowote. Ni kweli mliajiri. Lakini kila mtu alijua kwamba milango itafunguliwa siku moja na watu watatoka nje. Riba zilipopanda kuanzia 2022 na mitaji ya bei rahisi ikakauka, aliyekosea makadirio alibaki kwenye kiti chake. Aliyeajiriwa kwa makadirio hayo, na pengine alihama na familia yake kwa ajili ya kazi hiyo, ndiye aliyetoka. Isitoshe, wengi walioondolewa katika timu yetu walikuwa na zaidi ya miaka 7 kazini. Hao hawakuajiriwa wakati wa korona.

Mtasema gharama zimepanda na gemu zinachukua miaka mingi kutengenezwa. Hili nalikubali bila ubishi. Nimeziona ankara za seva. Ila tazameni Final Fantasy XIV. Ilitoka 2010 ikiwa mbovu kiasi cha Square Enix kuomba radhi na kusimamisha ada. Badala ya kuizika, kampuni ilimpa Naoki Yoshida kazi ya kuijenga upya, ikarudi Agosti 2013, na kwa zaidi ya muongo sasa ni mojawapo ya nguzo za kampuni hiyo. Bodi ya leo ingempa Yoshida miezi mingapi?

Mtasema programu ya seva haiwezi kutolewa kwa sababu ndani yake mna vipande vya kampuni nyingine na siri za usalama. Kwa gemu zilizokwisha kujengwa, mara nyingi ni kweli, na mimi ni mmoja wa walioandika vipande hivyo. Kwa gemu inayoanza kujengwa leo, ni suala la uamuzi. Mhandisi akiambiwa tangu siku ya kwanza kwamba mwisho wa safari seva hii itakabidhiwa, ataijenga ikabidhike: atatenganisha mfumo wa malipo, ataweka vipande vya wengine mahali vinapotoleka, na programu itaweza kutolewa bila msimbo wake chanzi, yaani maandishi ya siri yaliyoijenga. Tatizo ni kwamba hatuambiwi.

Na mtasema mnawajibika kwa wanahisa. Sawa. Waelezeni basi wanahisa kwamba bilioni mlizotumia zilinunua maarifa yaliyokuwa vichwani mwa watu, na kwamba maarifa hayo yametoka nje ya mlango.

Haya ndiyo ninayoomba, kwa heshima na kwa msisitizo.

Mnaponunua studio yenye gemu inayochezwa, andikeni ndani ya mkataba wa mauzo kwamba timu inayoiendesha haitapunguzwa kwa miezi 24 ya mwanzo. Msiache jambo hilo kwa hotuba ya ukumbini. Mkataba una nguvu ambayo hotuba haina.

Upunguzaji ukiwa hauepukiki, uanzie kwenye mishahara na bonasi za waliopitisha uamuzi ulioleta hasara, na kiasi kilichokatwa kitangazwe katika tangazo lilelile linalotaja idadi ya walioondolewa. Anayeondolewa apewe angalau wiki nne za kukabidhi kazi akiwa na nenosiri lake, na jina lake libaki kwenye orodha ya watengenezaji wa kila kitu alichokigusa.

Msiwazuie wafanyakazi kujiunga na vyama. Zaidi ya watu 500 wanaotengeneza World of Warcraft waliunda chama chao Julai 2024, Microsoft ikakitambua, na gemu inaendelea. Kama tungekuwa na chama, barua yangu ya kwanza isingejibiwa kwa mstari mmoja.

Kila gemu ya mtandaoni itakayotoka kuanzia sasa iuzwe ikiwa na mpango wa mwisho wake, uliochapishwa siku ya kwanza: itachezwaje seva zikizimwa, au itakabidhiwa nani. Kwa zilizopo, toeni taarifa ya miezi 6 na si siku 60. Katika miezi hiyo mwacheni mchezaji achukue vilivyo vyake, yaani picha zake, ujumbe wake, na orodha ya marafiki zake kwa ridhaa yao. Wekeni mtu, hata mmoja, wa kujibu barua.

Na kwa kampuni niliyoitumikia, ambayo inajijua, nina ombi moja la ziada. Hifadhidata ya gemu yetu bado ipo; sera yenu wenyewe inasema itafutwa mwaka mmoja baada ya seva kuzimwa, na mwaka haujaisha. Watumieni watu wale wa Alhamisi ujumbe wao. Niko tayari kuifanya kazi hiyo mwenyewe, bila malipo, chini ya usimamizi wa yeyote mtakayemteua. Maelekezo yote, hatua kwa hatua, yako katika kiambatanisho cha barua ya tatu niliyoituma kwa bodi. Anwani yangu mnayo kwenye faili.

Wenu,

Aliyekuwa mwendesha seva